Mgomba Uliozikwa Wima

Mgomba ulizikwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na waombolezaji walikuwa wawili tu: Felistus, mke wa Oguttu, na mama mkwe wake, Kukhu Benedeta. Hakuna aliyelia. Felistus alikuwa akihema kwa kuburura, na Kukhu, ambaye siku tatu nzima alikuwa amejilaza akingoja kufa, sasa alisimama ukingoni mwa shimo na mkongojo wake, akitoa amri.

"Kichwa kiwe juu," alisema Kukhu.

"Mama, kwani maiti halazwi?"

"Huyu si mtu, na wewe huna nguvu za kumlaza. Msimamishe, tumfukie, nipate uji."

Basi mgomba ukazikwa wima, jambo ambalo kijiji kizima cha Masinya kilikuja kulijadili mpaka midomo ikachoka. Lakini nisiende mbio. Shimo lilitangulia, na mgomba ukafuata.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Bendera mpya ilikuwa haijatimiza miaka miwili, na jua la Januari lilikuwa kali kuliko serikali zote mbili, ile iliyoondoka na ile iliyokuja. Wanawake wa upande ule walitembea mpaka mto Sio kuteka maji, wakarudi shingo zimezama mabegani. Ndipo ikaja habari kwamba litajengwa bwawa kwenye kijito cha Nambweke. Ukuta wa udongo ungetoka kichuguu cha huku mpaka kilima cha kule, ukipita nyuma kabisa ya boma la Oguttu. Maji yangekaa upande wa juu wa ukuta, na nyumba ya Oguttu ingekaa upande wa chini.

Kabla ya ukuta akaja Bwana Mawe. Jina lake lilikuwa Opolot, kijana wa Kiteso aliyesomea udongo na miamba ng'ambo, lakini nani angekumbuka Opolot wakati mtu mwenyewe alitembea akigonga mawe kwa nyundo kama anayebisha hodi? Udongo aliuonja kwa ulimi. Aliumwagia mate akauviringisha viganjani mpaka ukawa kama mnyoo. Ukijikunja bila kukatika, alitabasamu. Ukikatika, aliutazama kama mkwe aliyekuja mikono mitupu.

Alitaka mashimo matano kwenye mstari wa ukuta. Upana futi tatu, urefu futi sita, mchimbaji apate nafasi ya kugeuka na sururu yake, na kina mpaka yeye aseme basi. Kazi ya kuchimba alipewa Oguttu. Tena Rasto, mnyapara wa kazi hiyo, alimnong'oneza neno tamu: ukuta ukikwisha, atatakiwa askari wa bwawa, na ukuta ukipita kwa Oguttu, askari ni Oguttu. Kutakuwa na mshahara wa kila mwezi, buti, na koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Tangu siku ile Oguttu alianza kutembea kifua mbele, kama tayari amelivaa.

Shimo la nne liliangukia nyuma ya kibanda cha Kukhu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kukhu alitoka Jumatatu asubuhi akaona watu wawili wameshika kamba ya kupimia. Mmoja akasema, "Sita." Mwingine akasema, "Tatu." Na ndani ya vipimo hivyo alikuwa mwanawe wa kumzaa, anachimba. Hakuuliza swali. Alirudi ndani, akajilaza uso ukutani, akakataa chakula.

"Mama, hii ni kazi ya serikali," Oguttu alimwambia mlangoni.

"Serikali nayo huzika."

"Ni shimo la kutazama udongo tu."

"Mwanangu, udongo uko hapa juu tele, utazame utakavyo. Kaburi likichimbwa halikai tupu. Likikosa mtu, linatafuta. Na hili najua limepimiwa nani."

Oguttu alicheka, halafu akabembeleza, mwisho akafoka. Haikusaidia. Jumatano Bwana Mawe akaenda Tororo, akasema atarudi Jumatatu kuingia shimoni na kutazama. Alhamisi Oguttu akashuka Busia kutafuta mpini mpya wa sururu. Felistus akabaki na mgonjwa ambaye midomo ilikuwa imeanza kupasuka.

Felistus alimpenda mama huyu kwa dhati. Miaka mitano ya kwanza ya ndoa, tumbo lilipokataa kushika na shangazi zake Oguttu wakaanza kumtafutia mke mwingine, Kukhu ndiye aliyewafukuza kwa mkongojo uleule. Baadaye alizaliwa Wanjala, na sasa alikuwa shule ya bweni. Deni la namna hiyo hulipwa kwa moyo. Felistus akachukua jembe, akaenda shambani, akang'oa mgomba mzima na shina lake, akaukata majani. Kila Msamia anajua: kaburi lililokosa mtu huzikiwa mgomba, nalo hunyamaza.

Kukhu aliposikia kitu kinaburutwa nyuma ya nyumba, aliuliza ni nini. Alipoambiwa, aliamka.

Felistus alishuka kwa ngazi kuliweka sawa shina. Alipokanyaga chini, miguu ilizama mpaka vifundoni. Palikuwa na mchanga mweupe, laini, wa baridi, kama ule wa ukingoni mwa Sio. Alishangaa, maana juu yote ilikuwa udongo mwekundu. Lakini Kukhu alikuwa akiita uji, naye akapanda, akaanza kufukia. Mpaka saa tisa alikuwa amemaliza, na Kukhu alikuwa amemaliza bakuli la pili.

*

Oguttu alirudi na mpini wake begani, akaenda moja kwa moja nyuma ya kibanda. Akasimama. Akazunguka, kama mtu anayedhani amekosea boma.

"Mama Wanjala. Shimo liko wapi?"

"Nimezika mgomba."

"Nimeuliza shimo."

"Shimo limekwenda na mgomba."

Oguttu alikaa chini palepale. Siku tatu za kuchimba. Futi tisa. Viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge.

"Nitalifukua leo hii," alisema.

Sauti ya Kukhu ikatoka kibandani, yenye afya tele. "Fukua maiti kabla matanga hayajaisha, halafu uone kama sitamfuata."

Oguttu alifanya mambo mengi katika maisha yake, lakini kumuua mama yake kwa sururu hakukuwemo. Alikaa akikuna kichwa mpaka akapata akili ambayo heri asingeipata. Jumatatu, Bwana Mawe alipofika, alikuta vifuko vitatu vya udongo vimepangwa juu ya kigoda.

"Shimo liliporomoka, Bwana," alisema Oguttu. "Nusura ng'ombe aingie. Tukalifukia. Lakini udongo wake nimekuwekea, wa juu, wa kati, wa chini."

Felistus alikuwa anakuja na chai. Alivitambua vifuko vile. Vilijazwa jana yake kutoka shimo la tatu.

Opolot aliviringisha udongo. Mnyoo ulijikunja vizuri. "Hii ni mzuri sana. Mpaka chini ni hii tu? Mchanga hakuna?"

"Hakuna, Bwana."

"Kama iko mchanga, ukuta nahamisha juu kule, kwa Okochi. Kule jiwe iko karibu."

Okochi alikuwa jirani wa juu ya kijito, mtu wa maneno mengi, naye alikuwa ameshauliza mara mbili kuhusu koti.

"Hakuna mchanga hata chembe," Oguttu alisema. "Kabisa, Bwana, hakuna." Hiyo ilikuwa mara ya tatu kukana, na bahati yake jogoo walikuwa wamelala kivulini.

Opolot alitazama saa. Wakubwa wake Tororo walitaka ramani kabla ya mvua za masika. Akafungua daftari, akaandika: namba nne, udongo mwekundu, futi tisa. Felistus akaiweka chai chini.

*

Mume alipoondoka na Rasto kuhesabu vigingi, Felistus alibaki akiangalia chungu chake cha chumvi. Kilikuwa kile chenye matundu kitakoni; unakijaza majivu, unamimina maji, yanachuja polepole mpaka chini, nawe unapata maji ya chumvi ya kupikia mboga. Opolot alikuwa akinywa chai karibu nacho.

"Bwana," alisema Felistus, "ukuta utakuwa juu ya ardhi. Mbona wewe unahangaika na chini?"

Opolot alifurahi. Tangu aje Masinya watu walikuwa wamemuuliza kama ameoa, kama ng'ambo kuna ugali, na koti litapewa nani. Kuhusu udongo hakuna aliyeuliza. Akakivuta chungu.

"Mama, hii maji unamwaga juu. Nani anaisukuma mpaka chini?"

"Hakuna. Inajiendea."

"Sasa wewe umejua kazi yangu." Akacheka. "Maji haigombani na ukuta. Ukuta naweza kuwa mzito kama kanisa, maji inaacha tu, inatafuta njia chini. Kama chini ni udongo ya kufinyanga, inakosa njia, inalala. Kama ni mchanga, inapita. Leo inabeba chembe moja. Kesho mbili. Mwaka ya kwanza watu nasema, bwawa mzuri. Mwaka ya tatu, siku ya jua, hakuna hata wingu, ukuta inakaa chini kama mzee amechoka. Na maji yote inatoka mara moja."

"Inakwenda wapi?"

Opolot alionyesha kwa kidevu upande wa bondeni. Halafu akaona kidevu chake kimeelekea jiko la Felistus, na kibanda cha Kukhu nyuma yake. Akakirudisha haraka.

"Lakini wewe usiogope, Mama. Hapa hakuna mchanga."

Neno lilimfika Felistus mpaka ulimini. Akalimeza. Mke hamvui mumewe nguo mbele ya mgeni. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Angeanza na mwenyewe.

Alianza naye jioni ileile, wakimenya mihogo. Alimweleza habari ya chungu, ya chembe moja, ya mzee aliyechoka. Oguttu alisikiliza huku akimenya muhogo mpaka ukabaki kama kidole.

"Mchanga husafisha maji," alisema. "Kila mtu anajua. Huyu kijana amesoma sana mpaka anaogopa mchanga."

"Uliuona, basi."

"Niliuona Jumatano. Nilifurahi, maana sururu ilipumzika."

"Mwambie."

"Nimwambie nini, Mama Wanjala? Kwamba nilimdanganya kwa sababu mke wangu amezika mgomba kwenye shimo la serikali? Koti liende kwa Okochi? Nitapita wapi hapa Masinya?"

"Utapita popote, ukiwa hai. Mama yako atalala wapi siku hiyo ya jua?"

Oguttu aliokota muhogo mwingine. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Aliogopa kuchekwa, na kwa wanaume wa pale hofu hiyo ilishinda hofu ya maji. Mwisho alisema atamwambia. Wiki ile hakumwambia. Wiki iliyofuata Bwana Mawe alikuwa Tororo. Ya tatu Oguttu alikuwa na kikohozi.

*

Februari ilikausha kila kitu. Migomba shambani ilikunja majani ikayaangusha. Na siku moja, katikati ya ile ardhi iliyofukiwa, kikachomoza kitu cha kijani kilichojisokota.

"Marehemu anachungulia," alisema Kukhu.

Oguttu akachukua panga akakikata. Jioni kilikuwa kimetoka tena, urefu wa kidole. Asubuhi akakata, jioni kikatoka. Ikawa kazi yake ya kila siku, kabla ya uji, kama sala. Kila akikata, kilirudi kinene zaidi, kikidondosha maji mahali palipokatwa, na Kukhu akikaa mlangoni kwake akihesabu: "Leo kafufuka mara ya kumi na moja. Bwana Yesu mara moja tu."

"Mama, usikufuru."

"Mimi nahesabu tu."

Felistus alikitazama kile kijani na kuitazama migomba yake mikavu. "Huyu anakunywa wapi?" aliuliza.

"Hukohuko alikosimama," alisema Kukhu. "Miguu yake iko majini."

Maneno hayo yalimwondolea Felistus usingizi wa mchana, na wa usiku pia. Alimwambia mumewe, "Siku katapila litakapokuja kusukuma udongo wa ukuta ndiyo siku ya mwisho. Usiposema wewe, nitasema mimi, na nguo ikivuka, ivuke."

*

Katapila lilifika wiki ya kwanza ya Machi, na nusu ya Masinya ikaja kulitazama. Rasto alikuja na koti limefungwa kwa karatasi. Oguttu akalivaa palepale, saa tano, juani, jasho likimtiririka mpaka kwenye buti. Okochi alisimama na mikono nyuma, akichungulia vifungo vile kama anavipima.

Opolot alitembea juu ya mstari, daftari mkononi, katapila likimfuata kwa kishindo. Kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Felistus alimtazama mumewe. Oguttu alikuwa akitazama buti zake. Asubuhi ile, kwa kuhangaikia koti, alikuwa amesahau panga.

Opolot alisimama. Aliinua mkono, katapila likanyamaza.

"Nani alipanda hii ndizi kwa mstari ya ukuta?"

Oguttu aliendelea kutazama buti zake. Felistus akapita mbele ya watu, akiwa amekaza leso kiunoni.

"Hakuupanda mtu, Bwana," alisema. "Tuliuzika."

Kicheko kilichotoka hapo, nadhani hata Busia kilisikika. Okochi alivua kofia, akainama. "Poleni sana kwa msiba. Marehemu ameacha watoto wangapi?" Watu wakashika mbavu. Felistus aliona aibu imempanda mpaka kwenye utosi, akabaki amesimama.

Opolot hakucheka. "Mama, futi ngapi?"

"Tisa. Umesimama wima. Na niliposhuka kuuweka, nilikanyaga mchanga."

Opolot alilitazama lile jani. Akaangalia bondeni, kwenye migomba mikavu. Halafu akamgeukia Oguttu.

Oguttu alifungua kifungo cha kwanza cha koti. Akafungua cha pili. Watu waliokuwa wakicheka walinyamaza mmoja mmoja. Alipofika cha nne alilivua, akalikunja vizuri, akampa Rasto.

"Mchanga mweupe, Bwana," alisema. "Una maji. Udongo niliokupa ulikuwa wa shimo la tatu. Huyu hana kosa. Alikuwa anamponya mama yangu." Akachukua sururu kutoka kwa kibarua mmoja, kisha akageukia kibandani. "Mama, nifukue?"

Kukhu alifikiri kidogo, umati wote ukimngoja. "Fukua. Matanga yamekwisha."

Alichimba kutoka saa tano mpaka jua lilipoinama, hakukubali kupokewa. Walipoutoa mgomba, shina lake lilikuwa na mizizi mipya, mirefu, myeupe. Chini yake maji yalijaa taratibu, yakamfika Oguttu vifundoni, halafu magotini. Opolot alishuka kwa ngazi na suruali yake safi, akateka mchanga mkononi, ukampita vidoleni. Alikaa kule chini muda mrefu. Alipopanda, alifungua daftari mbele ya watu wote, akakata mstari wa namba nne kwa kalamu yake mwenyewe.

"Mimi pia nilikosa," alisema. "Niliandika shimo bila kuingia. Mama amejua kuliko mimi, sababu yeye aliingia."

*

Ukuta ukahamia juu, kwa Okochi, palipokuwa na mwamba futi nne tu chini ya nyasi. Koti nalo likahama. Sokoni watu walimpa Felistus pole za msiba mpaka akazoea, akawa anajibu, "Tumeshapoa, asanteni." Oguttu kwa siku nane hakumsemesha mkewe ila kwa kupitia kwa Kukhu. "Mama, mwambie Mama Wanjala alete chumvi." Naye Kukhu: "Amesikia, hayuko Nairobi."

Masika ya mwaka uliofuata yalinyesha kwa hasira. Kijito cha Nambweke kilileta matope, magogo na kuku wa watu, na vyote vikasimama mbele ya ukuta wa Okochi, bwawa likajaa pomoni. Ukuta haukutikisika. Asubuhi moja Felistus alimkuta mumewe amesimama nyuma ya kibanda, anatazama kule juu maji yalikong'aa, halafu anatazama kibanda, halafu tena maji.

"Yangekuwa hapa," alisema Oguttu.

"Ndiyo."

Akamshika mkewe mkono, kitu ambacho wanaume wa pale hawafanyi mchana, akauachia upesi mtu asije akaona.

Kiangazi kiliporudi, alikuja Okochi. Alikuja na koti lake, vifungo vimesuguliwa, na debe mkononi. Maji ya bwawa yalikuwa ya ng'ombe, yana tope na mikojo; ya kunywa alikosa. Lakini shimo la nne, ambalo Oguttu alilijengea mawe pande zote, lilikuwa na maji safi, ya baridi, mwaka mzima. Pembeni yake marehemu, aliyehamishwa hatua tatu, alikuwa ameinama kwa mkungu mkubwa.

Okochi alisita, akasafisha koo. "Baba Wanjala, naomba unisaidie debe moja."

Oguttu alilitazama lile koti, tangu kola mpaka pindo. Kisha akachukua kamba, akamtekea mwenyewe, debe zima. Okochi aliinama kunywa kwanza kwa kiganja, kwa pupa, maji yakimwagikia vifungo.

"Kunywa polepole," alisema Kukhu kutoka mlangoni. "Kaburi langu hilo."